Hamira ya Ngozi ya Mbwa Isiyosikia Dawa: Utatuzi wa Matatizo na Kazi Mpya za Dawa za Zamani

Mbwa wa namna hii kwa kawaida hufika kliniki akiwa amekwisha kumaliza dawa mbili au tatu. Shingo yake imekuwa nyeusi na ngumu, kwapa na kinena vinateleza kwa mafuta, manyoya ya miguuni yamegeuka kahawia kwa kulambwa usiku kucha, na harufu yake, ile ya unga uliochacha pamoja na mafuta yaliyooza, inamtangulia mlangoni. Mwenye mbwa huwa na kauli moja tu, kwamba ugonjwa hausikii dawa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya madaktari na maofisa mifugo wanaompokea mbwa huyo, na kwa mfugaji anayetaka kuelewa anachofanyiwa mbwa wake. Unaanza na dalili na sababu zake, na ndipo unapofika kwenye dawa zilizotengenezwa kwa kazi nyingine ambazo leo zinajaribiwa dhidi ya hamira sugu. Mpangilio huo ni wa makusudi, kwa kuwa katika mbwa wengi ninaoletewa kwa jina la usugu, dawa ya kwanza ilikuwa bado haijapewa nafasi ya kufanya kazi.

Anayezungumziwa hapa ni Malassezia pachydermatis, hamira ambayo ni fangasi wa seli moja. Mwaka 1925 Fred Weidman aliieleza kutoka kwenye ngozi ya kifaru wa India aliyekuwa akibambuka magamba, na jina la mnyama mwenye ngozi nene limeganda nayo mpaka leo. Hamira hii haiwezi kujitengenezea asidi za mafuta, kwa hiyo hula mafuta ya ngozi ya mwenyeji wake. Huishi masikioni, kwenye midomo, katikati ya vidole na kuzunguka njia ya haja kubwa ya mbwa mwenye afya kamili bila kumsumbua. Ndiyo maana lengo la tiba ni kuirudisha kwenye idadi ambayo ngozi inaweza kuivumilia. Anayejaribu kuifuta kabisa atamlisha mbwa vidonge mwaka mzima bila kufika.

Dalili: mbwa anajikuna na kunuka, lakini hakuna aliyeangalia hadubini

Sababu ya kwanza ya tiba kushindwa ni kutibu ugonjwa ambao haupo. Upele wa Sarcoptes, utitiri wa Demodex, bakteria aina ya Staphylococcus na choa vyote huweza kumwacha mbwa mwekundu, mwenye magamba na mwenye kuwashwa. Harufu peke yake haitoshi kuthibitisha, kwa kuwa ngozi yenye bakteria wengi nayo hunuka.

Kipimo chenyewe hakina gharama. Chukua kipande cha selotepu angavu chenye urefu wa sentimita tano hivi, tenganisha manyoya, kisha bonyeza upande wenye gundi mara tano au sita mahali palepale penye mafuta, mpaka gundi ipoteze nguvu. Ruka chupa ya kwanza ya rangi za haraka za kupaka slaidi za hadubini, ile yenye alkoholi, kwa sababu huyeyusha gundi na kuichafua picha. Chovya kwenye rangi mbili zinazofuata, suuza kwa maji taratibu, laza selotepu juu ya slaidi, kisha tazama kwa lenzi ya mafuta, yaani ukubwa wa mara 1000. Hamira itaonekana ya zambarau iliyokoza, ina mikromita 3 hadi 5 hivi, na umbo lake ni la karanga ambayo haijamenywa, au la unyayo wa mtu aliyekanyaga mchanga mbichi: kichwa kidogo kimechipuka upande mmoja wa mwili mkubwa, na shingo kati yao ni pana. Bakteria wataonekana kama nukta ndogo zaidi za buluu, mara nyingi wawili wawili au katika vichane.

Hakuna idadi moja iliyokubaliwa ambayo ikifikiwa ndipo inaitwa ugonjwa. Wingi wa kawaida hutofautiana kati ya aina za mbwa na kati ya sehemu za mwili, na zaidi ya hapo wako mbwa wenye mzio dhidi ya hamira yenyewe, ambao miili yao imetengeneza kingamwili za IgE, hivyo hamira chache tu huwawasha kupita kiasi. Kwa hiyo soma slaidi pamoja na ngozi. Hamira chache kwenye ngozi iliyokakamaa na kunuka zina maana, ilhali hamira nyingi kati ya vidole vya mbwa asiyejilamba huenda zisiwe na maana yoyote. Andika idadi uliyoiona katika kila eneo la hadubini pamoja na mahali selotepu ilipobandikwa, kwa sababu bila kumbukumbu hiyo hutaweza kusema baadaye kama dawa imeshindwa.

Dalili: wiki tatu za dawa na hakuna nafuu hata kidogo

Angalia jina la dawa kabla ya kitu kingine chochote. Griseofulvini, ambayo katika maduka mengi ya dawa ndiyo hutolewa mara neno fangasi linapotajwa, hutibu choa na haina kazi dhidi ya Malassezia. Mbwa anaweza kuimeza miezi sita, ini lake likachoka, na hamira isipungue. Antibayotiki nazo hazigusi hamira. Mafuta ya kupaka yaliyochanganywa dawa tatu, yaani ya fangasi, ya bakteria na ya jamii ya steroidi, hutuliza wekundu kwa siku chache na kumfanya mfugaji aamini kwamba amepata dawa, lakini steroidi iliyo ndani yake huipunguzia ngozi kinga yake, na mchezo huanza upya chupa inapokwisha.

Ikiwa dawa ni sahihi, angalia jinsi inavyotumika. Hapa sina budi kukiri kosa langu. Miaka ya mwanzo ya kazi nilimtibu mbwa wa mzee mmoja mstaafu huko Tanga kwa shampuu ya mikonazoli, ambayo ni dawa ya fangasi, na klorheksidini, ambayo ni dawa ya kuua vijidudu, na baada ya mwezi mmoja bila mafanikio nikaandika kwenye faili kwamba hamira ile ni sugu, nikaongeza vidonge. Mzee alirudi, nikamwamkia, na kwa bahati tu nikamuuliza anamwogeshaje.

“Kila Jumamosi, daktari, kama ulivyoniagiza,” akasema. “Kwanza namsugua kwa sabuni ya mche mpaka uchafu utoke, kisha namtia dawa yako.”

“Povu la dawa unaliacha kwa muda gani, mzee wangu?”

“Kuliacha? Namwagia maji hapo hapo, asije akalilamba.”

Makosa mawili yalikuwa ndani ya ndoo moja, na yote mawili yalikuwa yangu kwa kutoeleza. Sabuni ya kawaida ina chaji hasi, nayo huishika klorheksidini yenye chaji chanya na kuinyima nguvu kabla haijafika kwenye hamira. Mbwa mchafu aoshwe kwa sabuni siku iliyotangulia, au asuuzwe kabisa mpaka maji yawe meupe. Kosa la pili ni muda: dawa inahitaji dakika kumi kamili juu ya ngozi, zipimwe kwa saa, kwa sababu dakika kumi za kumshika mbwa aliyelowa huonekana nusu saa na mtu hukata tamaa kwenye ya nne. Kuogesha ni mara mbili kwa wiki, si mara moja. Mwongozo wa kitaalamu uliotolewa mwaka 2020 kwa niaba ya Chama cha Dunia cha Magonjwa ya Ngozi ya Wanyama uliipa shampuu yenye mikonazoli 2% na klorheksidini 2%, kwa mara mbili kwa wiki, ushahidi wenye nguvu kuliko tiba nyingine zote, na klorheksidini 3% peke yake ikafuata kwa ushahidi wa kadiri. Mbwa wa yule mzee alipata nafuu katika wiki tatu bila vidonge.

Kwa vidonge, makosa hujificha zaidi. Ketokonazoli huhitaji tumbo lenye asidi ili iyeyuke, kwa hiyo mbwa aliyepewa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kwa ajili ya kutapika huipitisha dawa bila kuifyonza. Ipewe pamoja na chakula. Itrakonazoli iliyosagwa na kuchanganywa upya na mfamasia kutoka kwenye unga mtupu ni mtego mwingine: watafiti wa Marekani waliipima kwa mbwa wenye afya na kuchapisha mwaka 2014 kwamba iliyochanganywa hivyo ilifika kwenye damu kwa kiasi kidogo mno ikilinganishwa na kapsuli za kiwandani. Daktari akiona itrakonazoli “imegoma”, aulize kwanza ilitoka kwenye chupa ya namna gani.

Dalili: anapona vizuri, kisha ugonjwa unarudi ndani ya wiki chache

Huu hauitwi usugu. Hamira iliyokufa kwa dawa na kurudi baada ya dawa kusimamishwa imethibitisha kwamba dawa inafanya kazi, na kwamba kuna kitu kingine kinachoiandalia mazingira. Malassezia ni mgeni anayekaa palipotandikwa: ngozi yenye mafuta mengi, joto, unyevu, au kinga iliyopungua.

Tafuta mzio kwanza, uwe wa viroboto, wa chakula au wa vumbi na chavua, kwa kuwa ndio chanzo cha mara nyingi zaidi. Mbwa aliyeanza kujikuna akiwa na umri wa mwaka mmoja hadi mitatu, anayelamba miguu na kusugua uso, na ambaye masikio yake huwaka mara kwa mara, kwa kiasi kikubwa ana mzio wa mazingira. Katika ukanda wetu wa pwani, kiroboto hapumziki mwaka mzima, hivyo kumtibu mbwa mmoja na kumwacha paka wa nyumba hiyo ni kazi bure. Mbwa wa makamo anayenenepa bila kula sana, mvivu, mwenye manyoya yanayopukutika pande zote mbili kwa ulinganifu, apimwe tezi ya thairoidi, na anayekunywa maji mengi na kukojoa mno achunguzwe homoni ya kortisoli. Kwa aina zenye ngozi ya mikunjo au masikio marefu, kama basset hound na cocker spaniel, na kwa West Highland white terrier ambaye anajulikana kwa kuelemewa na hamira hii, mfugaji aelezwe mapema kwamba kuogesha kwa dawa mara moja kila wiki au mbili kutakuwa sehemu ya maisha ya mbwa huyo, hasa nyakati za masika.

Dalili: ngozi imepona, masikio yamekataa

Sikio lina sababu zake. Nta ya kahawia inayofanana na kahawa iliyochujwa vibaya huizuia dawa isifike, na hamira za humo hujijengea utando wa kunata ambao huzikinga dhidi ya kiasi cha dawa ambacho kingeziua zikiwa peke yake. Sikio lisafishwe kabla ya kila matone, si mara moja mwanzoni tu. Ngoma ya sikio iangaliwe kabla ya kusafisha, kwa sababu klorheksidini na baadhi ya antibayotiki zikipenya hadi sikio la kati huweza kumfanya mbwa kiziwi. Ikiwa njia ya sikio imekuwa nyembamba na ngumu kama mrija wa plastiki, hakuna dawa mpya wala ya zamani itakayopita. Uvimbe upunguzwe kwanza, na pengine upasuaji ndio unaohitajika.

Dalili: kila kitu kimefanywa sawasawa, na selotepu bado imejaa hamira

Sasa neno usugu linaanza kustahili. Azoli, yaani ketokonazoli, itrakonazoli, flukonazoli, mikonazoli na ndugu zao, zote hushambulia mahali pamoja: kimeng'enya kinachotengenezwa na jeni ya ERG11, ambacho hamira hukitumia kujenga ergosteroli ya utando wa seli zake. Njia tatu za kuzikwepa zinajulikana. Ya kwanza ni mabadiliko ndani ya jeni hiyo, ambayo yameonekana kwa hamira za mbwa wa Japani. Ya pili ni kuongeza nakala: mwaka 2018 watafiti wa Korea Kusini walieleza hamira kutoka kwa mbwa ambayo kipande cha kromosomu chenye ERG11 kilikuwa kimejirudia mara nne mfululizo, hivyo ikazalisha shabaha nyingi kuliko dawa iliyokuwapo. Ya tatu ni pampu kwenye utando wa seli zinazoitema dawa nje kabla haijafanya kazi. Kwa kuwa shabaha ni moja, hamira iliyoishinda ketokonazoli mara nyingi huishinda itrakonazoli pia, na kumhamisha mbwa kutoka azoli moja ya vidonge hadi nyingine ni kubadilisha ufunguo kwenye kufuli lililokwisha kung'olewa.

Maabara inaweza kuotesha hamira na kupima kiasi kidogo kabisa cha dawa kinachoizuia isikue, lakini hakuna mpaka uliokubaliwa kimataifa unaosema hapa ni sugu na hapa si sugu kwa Malassezia. Matokeo hayo yachukuliwe kama kidokezo.

Nambari moja ndani ya matokeo hayo, hata hivyo, inastahili kutazamwa kwa karibu. Hamira sugu zilizoripotiwa zilikua hata kwenye zaidi ya mikrogramu 32 za ketokonazoli kwa mililita, kiasi ambacho vidonge haviwezi kukifikisha kwenye ngozi kwa usalama. Sasa linganisha na shampuu ya mikonazoli 2%: asilimia mbili ni miligramu 20 kwa mililita, yaani mikrogramu 20,000. Hamira inayozicheka dawa za tumboni inaweza kuzama kwenye dawa ya kupaka ya jamii ileile. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo ambalo wengi hulipita wanapokimbilia vidonge vipya. Usugu hupimwa dhidi ya kiasi fulani cha dawa, na juu ya ngozi kiasi hicho unakiamua wewe.

Dawa za zamani kwa kazi mpya

Kuitafutia dawa iliyopo kazi nyingine kuna mvuto unaoeleweka. Usalama wake umekwisha kuchunguzwa, inapatikana dukani, na bei yake inajulikana. Na si jambo geni hata kidogo katika ugonjwa huu. Ketokonazoli ni dawa ya binadamu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, na mwaka 2013 mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya zilibana matumizi ya vidonge vyake kwa watu kwa sababu ya ini, huku madaktari wa mifugo wakiendelea kuitumia kwa mbwa. Enilkonazoli, ambayo mbwa humwagiwa ikiwa imechanganywa na maji kufikia 0.2%, ni molekuli ileile inayoitwa imazalili katika kilimo, ambako machungwa na ndimu hutibiwa nayo ili zisiote ukungu safarini.

Kigezo cha kwanza cha kuchagua ni shabaha. Hamira ikiwa sugu kwa azoli, tafuta kinachoua kwa njia nyingine. Klorheksidini hupasua utando wa seli moja kwa moja na haijali ERG11 imebadilikaje, hivyo 3% au 4% peke yake ndiyo hatua ya kwanza. Katika mahospitali iko kama dawa ya kunawia mikono kabla ya upasuaji. Ile iliyochanganywa na setrimidi ya kusafishia vidonda isitumike bila kuzimuliwa, kwani huchoma ngozi na kinywa cha mbwa anayejilamba. Nistatini, ambayo akina mama wanaijua kwa utando mweupe wa kinywani mwa watoto wachanga, hujishikiza kwenye ergosteroli yenyewe na kutoboa utando wa hamira. Haifyonzwi tumboni, hivyo kumnywesha mbwa kwa ajili ya ngozi hakuna maana, lakini ndani ya sikio imetumika miaka mingi katika matone ya mchanganyiko. Seleniamu salfaidi ya shampuu za mba za binadamu nayo hupunguza hamira na mafuta kwa pamoja. Huikera ngozi ya baadhi ya mbwa, na isiguse paka kamwe.

Terbinafini ndiyo inayojadiliwa zaidi upande wa vidonge. Ilitengenezwa kwa ajili ya fangasi wa kucha za binadamu, na huzuia kimeng'enya kilicho hatua ya mapema zaidi katika njia ileile ya ergosteroli, hivyo hamira yenye ERG11 iliyobadilika huweza kuwa bado inaisikia. Kiasi kinachotumika kwa mbwa ni miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, kwa siku. Majaribio kadhaa yameonyesha kupungua kwa hamira na mwasho. Upungufu wake ulijitokeza mwaka 2015, watafiti walipopima dawa hiyo ndani ya ngozi ya mbwa wenye afya na kukuta kiasi kilichofika kilikuwa chini ya kile kinachohitajika kuzuia Malassezia. Mimi huitumia, lakini pamoja na kuogesha, na siitegemei peke yake hata siku moja.

Kigezo cha pili kimekwisha kuonekana hapo juu: je, dawa inafika? Kigezo hiki huua matumaini mengi ya maabara. Mwaka 2017 watafiti wa Bari, Italia, walionyesha kwamba haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, na prometazini, dawa ya mzio na kichefuchefu iliyo katika kila famasi yetu, huziba pampu za hamira na kuzirudishia azoli nguvu ndani ya bakuli za majaribio. Ni ugunduzi wenye maana kwa sababu unathibitisha kazi ya pampu hizo. Lakini hakuna aliyeonyesha kwamba kiasi hicho kinaweza kufikishwa kwenye ngozi ya mbwa bila kumlewesha, na daktari anayemwandikia mbwa prometazini kwa sababu hiyo anaruka hatua zote zilizo katikati. Labda siku moja pampu hizo zitazibwa kwa dawa ya kupaka.

Asetazolamidi, ambayo wapanda Mlima Kilimanjaro huimeza dhidi ya ugonjwa wa mwinuko, iko kwenye orodha hiyohiyo ya kusubiri. Malassezia ina kimeng'enya cha kaboniki anhidrasi cha aina isiyokuwapo kwa wanyama wanyonyeshao, na mwaka 2012 kundi la watafiti lililomjumuisha Claudiu Supuran wa Florence lilionyesha kwamba dawa za jamii ya asetazolamidi hukizuia kile cha Malassezia globosa, hamira ya mba ya binadamu. Shabaha isiyokuwapo kwa mgonjwa ni kitu adimu, kwa hiyo ninaifuatilia. Kumnywesha mbwa vidonge hivyo leo kungemkojolesha na kuvuruga chumvi za damu yake bila uhakika wa lolote.

Nyingine zisipotezewe muda. Kaspofungini na wenzake, pamoja na flusaitosini, hazina nguvu ya maana dhidi ya Malassezia kwa asili yake, ingawa huua fangasi wengine hatari. Amfoterisini B huharibu figo kiasi kwamba ugonjwa wa ngozi pekee hauihalalishi.

Yupo pia mgombea aliyeshindwa. Lufenuroni, kidonge cha kuzuia mayai ya viroboto kwa kuvuruga utengenezaji wa kitini, dutu ngumu ya maganda ya wadudu, ilifikiriwa ingewadhuru fangasi kwa kuwa kuta zao zina kitini. Mwaka 2000 ilichapishwa taarifa kutoka Israeli ya mbwa na paka 297 wenye magonjwa ya fangasi, wengi wao wakisemekana kupona haraka, na kwa muda mfupi dawa ikaandikwa kila mahali. Paka walipowekwa kwenye majaribio yaliyodhibitiwa, wenye dawa na wasio na dawa wakiambukizwa choa kwa namna moja, lufenuroni haikuwazuia kuugua. Choa hupona chenyewe kwa wanyama wengi, na taarifa ile haikuwa na kundi la kulinganisha. Hamira ya ngozi nayo hupanda na kushuka kwa majira na kwa viroboto, kwa hiyo anayejaribu dawa mpya kwa mbwa mmoja mwezi Juni, mvua zikiwa zimekatika, anaweza kuipa dawa sifa ya kiangazi.

Dalili mpya baada ya kuanza dawa

Mbwa akitapika au kukataa chakula katika wiki ya kwanza ya ketokonazoli, kiasi kigawanywe mara mbili kwa siku na kitolewe na chakula. Ikiendelea, isimamishwe na vimeng'enya vya ini vipimwe. Macho au ufizi ukiwa wa njano, hakuna kugawanya, ni kusimamisha siku hiyo. Jike mwenye mimba asipewe, na mwenye dume wa kupandisha aelezwe mapema, kwa kuwa dawa hii hupunguza homoni za kiume. Vidonda vya mviringo vinavyochimbika ghafla kwenye miguu ya mbwa aliye kwenye itrakonazoli ya kiwango cha juu, miligramu 10 kwa kilo, ni kuvimba kwa mishipa ya damu kutokana na dawa, visichukuliwe kuwa ugonjwa wa awali unaoendelea. Kwa hamira, miligramu 5 kwa kilo zinatosha, na kwa mbwa wengi siku mbili mfululizo katika kila wiki.

Dawa ya maji ya binadamu isomwe lebo yote kabla ya kumpa mbwa. Sailitoli, sukari mbadala inayowekwa ili watoto waipende, huishusha sukari ya damu ya mbwa kwa kasi na kuliharibu ini.

Dalili inayonitisha zaidi ni mbwa anayeanza kuyumba, mboni za macho zikiwa zimepanuka na mate yakimtoka, siku chache baada ya kuongezewa ketokonazoli. Uliza mara moja kuhusu ivermektini, dawa ya minyoo na utitiri. Kwetu sindano ya ivermektini hupatikana kirahisi dukani, na wafugaji humpa mbwa bila kumwambia daktari, au daktari mwingine ameitoa kwa kiwango kikubwa kwa ajili ya Demodex. Ketokonazoli hufunga protini inayoizuia ivermektini isiingie kwenye ubongo, na pia hupunguza kasi ya mwili kuiondoa, hivyo hata mbwa asiye na kasoro ya urithi ya mbwa wa jamii ya collie, inayowafanya wasiivumilie ivermektini, huweza kuathirika kama wao. Dawa zote mbili zisimamishwe. Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu hiyo. Mbwa apewe maji kwa mshipa, alazwe mahali penye giza na utulivu, ageuzwe upande kila baada ya saa chache na macho yake yalainishwe yasikauke, na mwenye mbwa aambiwe kwamba huenda ikachukua siku kadhaa.

Kwa mbwa anayeendelea vizuri, selotepu irudiwe kila wiki mbili au tatu mahali palepale palipoandikwa kwenye faili. Vidonge visimamishwe ngozi inapolainika na hamira zinapopungua, bila kusubiri weusi wa ngozi uishe, kwani huchukua miezi kuondoka baada ya hamira kwisha kudhibitiwa. Kuogesha kuendelee mara mbili kwa wiki kwa wiki mbili zaidi, kisha mara moja, na selotepu ya mwisho ichukuliwe mwezi mmoja baada ya kidonge cha mwisho.